Nukta Iliyosimama Mtaani kwa Baba

Wenzake kazini walimwita Nukta, na jina likamkaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini pana kama dirisha na kutazama vijidoa vya mwanga vikitembea. Kila nukta ilikuwa simu ya mtu fulani. Kampuni moja ya simu ilikuwa imehifadhi nyendo za wateja wake wote kwa mwaka mzima, namna kila simu ilivyopokewa na mnara huu, ikaachwa, ikapokewa na ule. Sasa ilitaka kuzitoa bure kwa wenye haja nazo: wapangaji wa miji, wachora barabara, madaktari wanaotaka kujua homa husafiri vipi. Majina yalishafutwa. Namba zilishafutwa. Mahali pake palikuwa na mafungu ya herufi zisizo na maana, kama paka kapita juu ya kibodi.

Kabla ya kuzitoa, kampuni ilikuja kwenye taasisi ya utafiti na ombi moja: jaribuni kumtambua mtu. Mkishindwa, tutajua ni salama.

"Zamani kazi yetu ilikuwa ya bawabu," Profesa alimwambia siku alipomkabidhi shughuli hiyo. Alikuwa akimenya chungwa, ganda likishuka mezani kama utepe. Profesa alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe na macho yasiyo na haraka. "Tulisimama mlangoni tukazuia wezi. Baadaye data zikawa nyingi mno, jicho la mtu halitoshi, tukafundisha mashine zituambie nani anaingia kwa mwendo wa ajabu. Siku hizi swali limegeuka. Mwizi hana haja ya kuvunja mlango. Tunamfungulia wenyewe, tunampa rundo lote, tunasema halina jina la mtu. Sasa je, rundo lenyewe halisemi?"

"Na likisema?"

"Likisema, kazi yako ni kusikia. Ila sikiliza, mwanangu. Ukimtambua mtu, simama hapo hapo. Andika njia uliyopita. Mtu mwenyewe usimfuate."

Nukta akaitikia, akatia saini kiapo cha maabara. Aliyempa nywila alikuwa mlinzi wa seva za taasisi, mwanamume mnene mcheshi ambaye wote walimwita Komeo kwa sababu hakuna kitu ambacho hakukifunga, hata kabati la vikombe vya chai.

"Ukisahau nywila usiniletee machozi," Komeo alimwambia. "Mimi mwenyewe nimeshajifungia nje mara nyingi, na sikujihurumia."

Ilikuwa kazi tamu, kazi ya kuota macho wazi. Nje mvua za msimu zilikuwa zimeanza, maji yakiteleza kwenye vioo mchana kutwa, na ndani mashine zilinguruma taratibu kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nukta alibonyeza, na mwaka ukaanza kupita mbele yake, siku moja ikimalizika kabla hajamaliza funda la chai. Alfajiri nukta ziliamka moja moja pembezoni mwa jiji. Zikajikusanya kuwa vijito, vijito vikawa mito, mito ikamiminika katikati na kutulia ikimetameta. Jioni ikarudi ilikotoka. Siku za mapumziko zilitawanyika hovyo kama sufi iliyopulizwa na upepo. Kuna nyakati alihisi kiti kimemwacha, naye anaelea juu ya jiji bila uzito, na chini yake watu wote wanapumua pamoja.

Kwanza alijitafuta mwenyewe. Alijua anakoishi, alijua anakofanya kazi, alijua bwawa analokwenda kuogelea siku za mapumziko. Katika jiji zima nukta iliyopita mahali hapo pote ilikuwa moja tu. Akaifuata, akaiona siku aliyougua, imelala pale pale tangu asubuhi hadi giza. Akaionea huruma, kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine.

Kisha akampata baba yake, na hakutoka jasho: nyumbani, kliniki ya shinikizo la damu, na kinyozi alikokwenda kubishana, si kunyoa, maana kichwani hakuwa na kitu cha kunyolewa. Nukta alicheka peke yake. Hapo alikuwa tayari na ushahidi wa kutosha, na hapo ndipo alipopaswa kusimama.

Lakini macho yalikuwa bado kwenye mtaa wa baba. Kampuni ilikuwa imefunga vijiminara vidogo kwenye nguzo za taa, kwa hiyo ramani ilijua hata kona. Akaona nukta isiyo ya mtaa ule. Ilikuja asubuhi mapema, ikasimama kwenye kona inayotazamana na nyumba ya baba, ikakaa kitambo kidogo, ikaondoka. Akabonyeza mbele. Ikaja tena wiki iliyofuata. Ilikuwa ikija mwaka mzima, kiangazi na masika, wala haikuvuka barabara hata siku moja.

Akasogeza kiti karibu na skrini.

Nukta alikuwa na dada, mkubwa wake, fundi cherehani. Mama yao alipougua, Nukta alikuwa masomoni ng'ambo, na dada ndiye aliyemlisha mama, akamwogesha, akakesha naye hospitalini. Nukta alifika siku ya mwisho, sanduku mkononi. Na siku ya maziko, akili ikiwa imemruka kwa uchungu, alimwambia dada yake mbele za watu, "Ningekuwepo mimi, mama angepona." Dada alikunja khanga yake, akaondoka, na tangu hapo namba yake haikupatikana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa Nukta aliifuata ile nukta. Kutoka mtaani kwa baba ilikwenda kwenye barabara ya wauza vitambaa na mafundi wa nguo, ikakaa huko mpaka jioni. Mara moja moja ilipita hospitali ile ile aliyofia mama. Alihitaji nini tena? Ni yeye. Anakuja kuitazama nyumba ya wazazi wake kama maskini wa Mungu, na hathubutu kubisha hodi.

"Komeo," aliuliza wakati wa chai, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, "ungemwona mtu wako humo ndani ya data, ungefanyaje?"

"Ningefunga."

"Ungefunga nini?"

"Macho," alisema Komeo, akamimina sukari. Halafu akamtazama vizuri. "Kwani umemwona nani?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Siku zilizofuata alitembea kama aliyelewa usingizi. Akioga, nukta ilikuwa mbele yake ikimetameta ndani ya povu. Akilala aliota barabara ndefu isiyo na nyumba, na mwisho wake mwanamke amempa mgongo, anashona kitu cheupe kisichoisha. Alijiambia kiapo kinakataza kumfuata mtu wa watu, na dada si mtu wa watu. Alijiambia anakwenda tu kumjulia baba hali. Nani atamkataza mtoto kumjulia baba yake hali?

Asubuhi aliyoichagua, siku ile ya wiki ambayo nukta ilizoea kuja, ilikuwa ya ukungu. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na mtaa ulikuwa umefunikwa na weupe laini, taa za nguzoni bado zinawaka kama maua ndani ya maziwa. Nukta alijibanza kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule lililokuwa bado limefungwa. Alisikia ndoo ikiwekwa chini uani kwa mtu, redio ikikohoa, mlango ukilia. Halafu akasikia nyayo.

Mwanamke alitoka ndani ya ukungu, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, mkoba wa kitambaa begani. Akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya lori lililoegeshwa kwenye kona, akasimama, akaelekeza uso ng'ambo ya barabara. Mabega yale! Ile namna ya kuinamisha shingo kidogo kama anayepima upindo wa gauni! Nukta alitoka kibarazani bila kujijua.

"Dada!"

Mwanamke aligeuka. Hakuwa dada yake. Alikuwa mwanamke asiyemjua kabisa, mwenye uso wa mviringo na kovu dogo kidevuni, na alikuwa amepauka kwa hofu.

"Nani kakutuma?" alinong'ona. "Ni yeye?"

"Yeye nani? Hapana, dada, samahani, nimekufananisha..."

"Usiniongopee. Umetoka pale kibarazani. Ulikuwa unanisubiri." Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa lori. "Umejuaje kama nitakuwa hapa?"

Nukta alifungua mdomo. Uongo ulikuwepo karibu, wa rahisi, ungefaa: napita tu, naishi hapa. Lakini macho ya mwanamke yule yalikuwa yanapima njia ya kukimbilia.

"Nilikuona kwenye mashine," Nukta alisema.

"Mashine gani?"

Akamweleza, kwa maneno mafupi, palepale nyuma ya lori, huku ukungu ukiwapitia katikati. Simu hupokewa na minara. Minara hukumbuka. Majina yamefutwa, lakini njia anazopita mtu zimebaki, na njia za mtu ni zake peke yake. Alimweleza habari ya dada yake pia. Mwanamke alisikiliza bila kupepesa.

"Nilihama," alisema mwishowe. "Nilibadilisha namba. Kazini wananiita jina jingine. Mume wangu aliapa atanipata hata nikizama ardhini, na mtoto wangu wamemshika kwao, kwa bibi yake, nyumba ile pale. Nakuja kumwona akienda shule. Simwiti, hanioni. Namwona tu amenenepa au amekonda, narudi kazini." Akavuta mtandio. "Na mtu mwingine anaweza kuniona hivyo ulivyoniona wewe?"

"Kwa sasa hapana. Data zikitolewa, ndiyo."

"Mtu anayenijua kidogo?"

"Kidogo tu kinatosha," Nukta alisema, na kila neno lilikuwa zito ulimini. "Ajue mtoto yuko wapi, na kwamba wewe ni mama."

Ng'ambo ya barabara komeo la geti likalia, sauti ya bibi kizee ikasikika ikihimiza mtu afunge viatu. Uso wa mwanamke ukageuka wenyewe, kama ua linavyofuata jua. Nukta naye akageuka upande wa pili. Aliukabili ukuta wa duka, akasoma tangazo lililobandikwa pale, la madaftari na wino, akalisoma tena na tena, ili asijue ni geti lipi wala ni mtoto yupi. Nyayo ndogo zilipita zikipiga vidimbwi, zikafifia.

Nyuma yake mwanamke alisema, "Jina langu sikwambii."

"Usiniambie."

"Lakini zuia. Wewe uliyeweza kuona, zuia."

Alipogeuka, ukungu ulikuwa umemchukua.

Nukta hakuingia kwa baba siku ile. Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa, viatu vimelowa, akasema yote bila kukaa: nukta, dada, kona, mwanamke, hofu ile. Profesa aliacha kumenya chungwa lake.

"Umevunja kiapo."

"Nimekivunja."

"Ungekuwa umempata dada yako kweli, ungekuja kuniambia?"

Nukta alitazama sakafu. Maji yalikuwa yamefanya kidimbwi kidogo chini ya viatu vyake. "Sijui, Profesa. Nadhani nisingekuja."

"Angalau hilo ni jibu." Profesa alisukuma maganda kando. "Data halisi hutazigusa tena. Komeo atakufungia. Kazi ya kutafuta dawa utaifanya kwa data za kubuni, watu ambao hawajazaliwa. Na kwenye mkutano na kampuni, wewe ndiye utakayesema."

Komeo alimfungia bila mzaha hata mmoja, jambo lililomuuma Nukta kuliko karipio.

Meneja wa kampuni alikuja na suti ya kijivu na uso wa mtu mwenye miadi mingine. "Majina tumefuta," alisema. "Namba tumefuta. Mnataka tufute nini tena, minara?"

"Naomba nikuonyeshe mtu mmoja," Nukta alisema. "Ni mimi. Nimejiruhusu."

Komeo aliketi kwenye mashine, naye Nukta akataja mahali pake: nyumbani, kazini, bwawani. Nukta moja ikabaki kwenye skrini. Ikatembea. Ikaogelea. Ikalala siku nzima na homa. Meneja alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likaanza kumchoka.

"Kwa hiyo na mimi nimo humo?"

"Umo," Nukta alisema.

"Na safari zangu zote?"

"Hatujazitazama," alidakia Komeo kwa adabu kubwa. "Ila kama mheshimiwa angependa tuanze na za Alhamisi..."

"Hapana!" Meneja alisema, akainuka nusu kutoka kitini. Profesa akakohoa ndani ya kiganja. Za Alhamisi zilikuwa zipi, Komeo mwenyewe hakujua. Aliitaja siku ya kwanza iliyomjia kinywani.

Data hazikutolewa. Zilisubiri. Miezi iliyofuata Nukta alishughulika na kile ambacho watafiti katika nchi nyingi walikuwa wakikihangaikia, na ambacho pale maabara walikiita ukungu: hesabu ya kumtikisa kila mmoja kidogo, kumsogeza mtaa huu au ule, kumchelewesha, kumchanganya na jirani, mpaka mto ubaki mto lakini tone lisionekane. Ukungu ukizidi, barabara zinapotea na mpanga mji habaki na cha kupanga. Ukipungua, mama anaonekana nyuma ya lori. Alifanya, akafuta, akafanya tena. Mchana wa mvua alikaa na watu wake wa kubuni wakielea kwenye skrini, akawafunika taratibu kama anayetandika shuka jeupe juu ya jiji lililolala. Hata Komeo, aliyepewa kazi ya kuuvunja ukungu ule kwenye data halisi, alirudi akijipangusa jasho. "Nimewatafuta mpaka ndugu zangu," alisema, na mzaha ulikuwa umerudi kinywani mwake. "Hata wale ninaowadai sikuwaona."

Yule mwanamke Nukta hakumwona tena wala hakumtafuta. Akienda kwa baba alikwenda jioni, kwa njia ya nyuma, asije akapita kwenye kona ile.

Jioni moja wakiwa wamekaa ukumbini, baba akisugua miwani yake kwa pindo la shati, Nukta alimsimulia. Alianza na nukta, akamaliza na tangazo la madaftari. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unamtafuta dada yako," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Dada yako hunipigia simu."

Nukta alihisi chumba kimesogea. "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Tangu mwaka ule ule."

"Na wewe kimya! Baba! Unaniona nahangaika, unanitazama tu?"

"Aliniomba nisikwambie." Baba alivaa miwani, akamtazama kwa upole. "Ningefanyaje? Wewe uliponiambia umeachana na yule mchumba wako, ukasema nisimwambie mtu, nilimwambia mtu? Siri ya mtu ni mali ya mtu. Sikuwapendelea, niliwatunzia wote."

Nukta alilia kidogo, machozi yaliyokuwa yamekaa muda mrefu bila kazi. Baba hakumzuia.

"Nipe namba yake."

"Namba ni ya mwenyewe."

"Basi nisalimie."

"Hilo naweza. Nimwambie nini?"

Nukta alifikiri. Nje mvua ilikuwa imetulia, matone yakidondoka kutoka ukingo wa bati, kila moja kwa wakati wake. "Mwambie nilikuja nimechelewa, na nikasema maneno ya mtu aliyechelewa. Mwambie mama hakukosa kitu kwa sababu alikuwepo yeye."

Baba aliyarudia maneno hayo polepole ili asiyapoteze.

Jibu halikuja upesi. Lilipokuja, baba alipiga simu akiwa anacheka. "Dada yako anauliza kama bado unaogelea kama chura."

"Mwambie chura amezeeka."

Salamu zikaanza kwenda na kurudi kupitia kwa baba, fupi fupi, za mzaha zaidi kuliko za maana. Nukta hakuuliza dada anaishi wapi. Akijisikia kuuliza, alinyamaza, na baada ya muda kunyamaza kule hakukumuuma tena. Kukawa kama kukaa kando ya mtu aliyesinzia.

Mvua zilipokwisha, baba alimpigia na kumwambia aje mapema mwisho wa juma, wale pamoja. Hakusema zaidi. Nukta hakuuliza nani mwingine atakuwepo. Alivaa gauni lake la bluu, akatembea kwenye jua jipya lililokuwa limeosha kila kitu, na alipofika mlangoni akasita. Ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikigomba, sauti nene, yenye kukwaruza kidogo.

"Baba, pazia hili nani kashona? Huyu fundi alikuwa amelala! Tazama upindo ulivyokwenda upande!"

Nukta alisimama, mkono kwenye kitasa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Dada yake alikuwa amepanda juu ya kiti, pini mdomoni, pazia limemfunika begani, amenenepa kuliko alivyokuwa. Aligeuza kichwa, akamwona. Walitazamana.

Kisha dada akatoa pini mdomoni.

"Utaingia au utasimama hapo?" alisema. "Unatuingizia mbu."